Kabla ya Kununua Globu za LED, Tafuta Ukuta

Barabara zetu usiku zimejaa magari yenye mwanga mkali na madereva wasioona. Iwe ni Chalinze kwenda Segera au Morogoro kwenda Iringa, kila baada ya dakika chache linakuja gari dogo lenye taa nyeupe kama za uwanja wa mpira, limeweka dimu, yaani taa za chini, na bado unalazimika kugeuza macho pembeni. Mwenye gari hana nia mbaya. Alikuwa haoni vizuri usiku, akaenda dukani, akauziwa globu za LED, fundi akazichomeka kwenye taa zilezile gari lilizotoka nazo Japani, akaondoka ameridhika. Msimamo wangu ni kwamba dawa aliyouziwa si ya ugonjwa wake, na gharama yake tunailipa sote tunaopishana naye.

Chukua globu ya H4, inayotumika kwenye magari mengi madogo ya Kijapani. Ndani yake kuna nyuzi mbili: wa fuli, yaani mwanga wa mbali, wati 60, na wa dimu, wati 55. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya riflekta, bakuli linalong'aa ndani ya taa na kuurusha mwanga mbele, kwa sababu mwanga ukigonga huko hurushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Ndiyo maana ukiwasha dimu mbele ya ukuta unaona mstari: chini kweupe, juu giza. Ukiutazama vizuri utaona upande wa kushoto unapanda kidogo, ili umulike ukingo wa barabara wanakopita watu wa miguu na baiskeli. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zao zinatufaa hivyohivyo zilivyo. Wenzetu wa Bujumbura na Goma, wanaopita kulia wakiwa na magari yaleyale ya usukani wa kulia, hawana bahati hiyo: mwanga unaopanda kushoto unamwendea dereva wa mbele yao.

Mpangilio huo wote unategemea uzi kukaa mahali pake kwa usahihi wa milimita. Globu ya LED haina uzi. Ina vipande vya taa vilivyobandikwa pande mbili za ubao mwembamba, na riflekta iliyochorwa kwa ajili ya uzi inautawanya mwanga wake ovyo. Sehemu inapanda juu ya mstari, na sehemu kubwa inaangukia mita chache mbele ya bampa. Hapo dereva anajidanganya kwa moyo mweupe kabisa: anaona lami iliyo karibu imeng'aa, anasema sasa naona. Kumbe weupe huo wa karibu unaisinyaza mboni ya jicho, na kule mbali, mita 60 au 70, ambako ndiko lilikosimama lori bovu lenye matawi mawili ya mti nyuma yake, kunazidi kuwa giza.

Na mita hizo si za kuchezea. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuhamisha mguu imekula mita 33. Breki zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, utahitaji nyingine kama 35 mpaka usimame.

Siipingi teknolojia yenyewe. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED limechorewa taa hizo tangu mwanzo, na zinamulika vizuri sana. Hata globu za kubadilishia zipo zilizopimwa: mwaka 2020 Ujerumani iliruhusu barabarani globu ya LED ya Osram badala ya halojeni, yaani globu ya kawaida yenye uzi, lakini kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha, modeli kwa modeli. Huo ni utaratibu tofauti kabisa na boksi lililoandikwa H4 na kuuzwa kwa kila mwenye tundu la H4.

Sasa, kwa nini yule bwana hakuwa anaona? Gari lake lilipokuwa kwao lilikuwa linapimwa. Japani gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na katika ukaguzi huo unaoitwa shaken taa za mbele huwekwa kwenye mashine inayosoma mwelekeo na nguvu. Dimu isipofika kandela 6,400 (kipimo cha ukali wa mwanga) kila upande, gari halipiti. Likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, habari hiyo inakwisha. Kuanzia hapo jua linafanya kazi yake, na mafundi wetu wanafanya yao.

Kazi ya jua ni kwenye kioo cha taa, ambacho siku hizi si kioo bali plastiki ya polikaboneti yenye tabaka jembamba la kinga. Kinga ikiisha plastiki inageuka njano, kisha inakuwa na ukungu, na taa inayopita kwenye ukungu inapoteza nguvu na kutapakaa. Wenye Peugeot 504 na Land Cruiser za zamani hawakuijua shida hii, kwa kuwa taa zao zilikuwa za kioo kweli. Dawa ya meno inang'arisha, sikatai, lakini haina kinga dhidi ya jua, na baada ya muda mfupi unarudi ulikotoka. Kazi inayodumu ni ya msasa wa maji: anza na namba 800, uende 1500, umalizie na 2000 au 3000, upige polishi, kisha upake vanishi inayozuia mionzi ya jua. Fundi akikuachia taa inayong'aa bila hiyo vanishi ya mwisho, amekufanyia nusu ya kazi. Na ukiwa hapo futa kioo cha mbele cha gari kwa ndani pia. Utando wa vumbi na mafuta unaokaa hapo ndio unaogeuza kila taa inayokuja kuwa wingu.

Kazi ya mafundi ni spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi au shokapu ili gari linyanyuke. Tunanyanyua IST na Passo ili zipite kwenye makorongo ya mitaa yetu, na sioni kosa katika hilo. Ila piga hesabu kidogo. Kama umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mita 2.5, ukinyanyua mbele peke yake kwa sentimita 2.5 umeinua taa kwa asilimia 1. Dimu kwa kawaida hupangwa ishuke kwa asilimia 1 hivyohivyo. Maana yake, kwa spesa mbili tu umefuta mteremko wote, na mstari wa mwanga unakwenda sambamba na barabara bila kugusa lami. Ongeza mizigo kwenye buti na abiria wa nyuma, sasa unamulika vichwa vya watu. Magari mengi yana kigurudumu kidogo upande wa usukani, kimeandikwa namba kuanzia 0. Hicho ni cha kushusha taa gari likibeba mzigo. Nimeshangaa ni wangapi, tena madereva wazoefu, hawajawahi kukigusa.

Ndipo linapokuja suala la ukuta. Tafuta sehemu tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi, na dereva akiwa amekaa ndani au mtu wa uzito wake. Pima kutoka ardhini mpaka katikati ya taa. Tuseme ni sentimita 65. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiutazama moja kwa moja. Bandika utepe ukutani kwenye sentimita 55, yaani 10 chini ya kimo cha taa. Washa dimu, ziba taa moja kwa kitambaa, tazama nyingine: sehemu bapa ya mstari inatakiwa iangukie kwenye utepe huo hasa. Isipokaa, nyuma ya taa kuna skrubu, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, zinazogeuka kwa bisibisi ya nyota. Zungusha polepole. Ukimaliza, mwanga wako utagusa lami mita 65 mbele. Taa iliyoshuka kwa asilimia 3, ambayo unaikuta kwenye magari mengi yaliyogongwa na kubadilishwa taa, inagusa lami kabla hata ya mita 22, na hakuna globu duniani itakayoisaidia.

Kama bado mwanga ni hafifu, muombe fundi umeme apime volti kwenye tundu la globu injini ikiwa inaunguruma. Halojeni haina huruma na waya mbovu: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Betri inaweza kuonyesha 14 huku globu inapata 12.5, nyingine zimepotelea kwenye waya mwembamba mrefu, swichi iliyoungua na eneo la ethi, pale waya unapofungwa kwenye bodi, lenye kutu. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ndio uboreshaji ninaoupendekeza kwa moyo wote. Fanya hivyo kwa globu za kawaida za kampuni inayoaminika, mbili kwa pamoja, bila kushika kioo chake kwa vidole. Zile za wati 100 kwenye waya wa asili zinayeyusha soketi, na zile zilizopakwa rangi ya bluu zinapunguza mwanga uliolipia.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya watu walioko kati ya magari mawili. Madereva wakiwashiana fuli kwa hasira, kila mmoja akimlipizia mwenzake, wote wawili wanakwenda sekunde kadhaa bila kuona chochote, na katika sekunde hizo kuna mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa ukingoni, au mama anavuka kutoka stendi. Yeye hana taa. Anategemea ule upande wa kushoto wa mstari unaopanda kidogo, uliowekwa kwa ajili yake.

Tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku Tanzania baada ya marufuku ya miaka mingi, watu wengi zaidi wako barabarani saa nane za usiku. Katika ukaguzi niliowahi kuushuhudia, swali kuhusu taa huwa moja tu: zinawaka? Ningependa gari lisipewe stika bila kupimwa mwelekeo wa taa, kuanzia na mabasi na malori. Mashine za kupimia zipo sokoni, na pasipo mashine, utepe kwenye ukuta mweupe na mita 10 za sakafu tambarare zinatosha kuwarudisha gereji wale walio vibaya zaidi.