Waya wa kijani kwanza, intaneti baadaye

Mvutano huu mafundi wa mtandao wanaujua. Ruta kubwa ya ofisi imetolewa kwenye boksi, mwenye biashara anataka taa ziwake kabla ya saa sita mchana. Fundi anatoa multimita, anapima soketi, anatikisa kichwa, kisha anasema hachomeki kitu mpaka ethi ipatikane, yaani waya wa kijani unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Mwenye ofisi anaona anacheleweshwa, au kwamba bili inatafutiwa njia ya kurefuka. Wengine wanamwita fundi mwingine, na huyo anachomeka, anaondoka, na intaneti inapatikana. Kwa hiyo aliyekataa anaonekana hakujua kazi.

Hoja za mwenye biashara si za kupuuza. Duka la Nairobi linalotoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi ya Kenya, au kampuni ya Dar es Salaam inayopokea malipo ya kadi, linapoteza pesa kila saa mtandao unapokuwa haupo. Ofisi nyingi ni za kupanga, na nondo ya ethi iliyozikwa nyuma ya jengo ni mali ya mwenye nyumba, ambaye si lazima akubali kuchimbiwa leo. Tena vifaa vingi vya siku hizi kweli havihitaji ethi. Ruta ndogo yenye adapta ya plastiki ya 12 V, iliyochapwa alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa kwa tabaka mbili za kinga. Pini yake ya tatu, kama ipo, ni ya plastiki na kazi yake ni kufungua vifuniko vya soketi tu. Faiba nayo ni kioo, haipitishi umeme. Hata tundu la kebo ya mtandao lina transfoma ndogo ndani yake ambayo kiwango cha Etheneti kinaitaka istahimili 1500 V.

Yote hayo ni kweli. Ofisi ya watu watatu yenye ruta ya plastiki, faiba iliyoingia ukutani na kompyuta mpakato mbili haina sababu ya kusubiri. Fundi anayeng'ang'ania ethi hapo anampotezea mtu siku. Angalizo ni moja tu: kebo ya faiba inayoning'inia kutoka nguzoni mara nyingi ina waya wa chuma pembeni yake. Waya huo ufungwe kwenye ndoano nje ya ukuta na ukatwe hapohapo. Ukiingizwa ndani pamoja na faiba, ile sifa ya kioo imepotea.

Mpaka kati ya kazi ya leo na kazi ya kusubiri unapatikana kwa maswali mawili. Je, kifaa kina kasha la chuma na plagi ya pini tatu za chuma? Je, kuna waya wa shaba unaotoka nje ya jengo, uwe wa antena ya juu ya paa, wa kamera ya getini, au kebo inayokwenda ghala la pili? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mambo yanabadilika, na hapa ndipo fundi anapoonewa.

Tuanze na kasha la chuma. Ndani ya usambazaji umeme wa ruta kubwa kuna kichujio cha kelele chenye kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye kasha, nyingine kutoka nyutro hadi kwenye kasha. Zimewekwa kwa makusudi, na umeme kidogo unaopita hapo hutarajiwa kuondoka kwa waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki katikati ya moto na nyutro, yaani kama 115 V kwenye jengo la 230 V. Ndiyo sababu mtu akipitisha nyuma ya kidole juu ya ruta anasikia mtekenyo. Wengi huambiwa huo ni umeme mdogo wa kawaida, waupuuze.

Ni mdogo kwa kifaa kimoja. Viwango vya kimataifa vinaruhusu kifaa cha kuchomeka chenye ethi kivujishe hadi 3.5 mA (mA ni sehemu ya elfu ya amperi), na vingi huvujisha pungufu ya hapo. Lakini ruta ya biashara haikai peke yake. Inafungwa kwenye raki ya chuma pamoja na swichi mbili za mtandao, UPS (betri ya akiba), kirekodi cha kamera na pengine seva, na makasha yote yanagusana kupitia skrubu za raki. Mivujo inajumlishwa. Tuseme kila kimoja kinavujisha 1.5 mA tu: vifaa sita vinatoa 9 mA. Ukaribiapo 10 mA, misuli ya mkono huanza kukataa kuachia ilichokishika. Vikiwa kumi na kila kimoja kikafika kikomo chake halali, ni 35 mA, zaidi ya kiwango cha 30 mA ambacho swichi ya kinga ya mvujo imewekwa kukata ili kuokoa maisha. Hakuna kifaa kibovu hata kimoja katika hesabu hii. Kila kimoja kimepita ukaguzi kiwandani, na raki nzima inamsubiri mfagiaji mwenye kitambaa kibichi awe yeye ndiye waya wa ethi. Hesabu hii ingebandikwa kwenye mlango wa kila raki, kwa sababu anayefanya haraka anaangalia kifaa kimojakimoja, na kimojakimoja hakina kosa.

Jambo la pili ni soketi ndefu za kuzuia mapigo ya umeme, ambazo wenye ofisi hununua wakiamini wamemaliza. Ndani yake mna vipande vinavyofunguka umeme unapopanda ghafla na kuumwaga kwenye waya wa ethi. Kama waya huo hauendi popote, pigo halitoweki. Linapanda kwenye makasha ya vifaa vyote vilivyochomekwa hapo, kisha linatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni kebo ya mtandao. Kwa hiyo kwenye jengo lisilo na ethi kinga hiyo inaweza kulileta pigo kwenye bandari (matundu ya kebo) za swichi ambazo bila hiyo zisingeguswa. Ile 1500 V ya transfoma haitoshi, maana radi ikipiga jirani huweza kuamsha maelfu ya volti kwenye waya mrefu wa shaba bila hata kuugusa.

Na kwetu radi si jambo la nadra. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, ikiwa na mimweko kama 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Mtu anayefunga ruta Bukavu na kuvuta shaba hadi jengo la pili ng'ambo ya ua amejenga mtego. Majengo mawili yana ethi mbili, na radi ikipiga moja, tofauti ya volti kati yake inasawazishwa kupitia kebo hiyo. Hapo weka faiba, hata kama umbali ni mita 30. Gharama ya vigeuzi viwili vya kuunga faiba na shaba ni ndogo kuliko swichi mbili.

Upande wa fundi mwangalifu nao una kosa lake, na ni kosa zito. Akikuta soketi haina ethi, wengine huchimbia raki nondo yake ya peke yake chini ya dirisha, bila kuiunga na ethi kuu ya jengo, wakidhani wameipa ruta ethi safi. Radi ya amperi 10,000 si kubwa. Ikipita kwenye nondo yenye ukinzani wa omu 10, nondo hiyo inapanda hadi volti 100,000 juu ya ile nyingine, na ruta imesimama katikati ikiwa na plagi upande huu na skrubu ya ethi upande ule. Nondo ya ziada ni sawa, ila lazima iunganishwe na ethi kuu kwa waya mnene.

Nondo peke yake pia haikati umeme wa hitilafu. Ikiwa na omu 50, waya wa moto ukigusa kasha utapitisha 230 gawanya kwa 50, yaani 4.6 A. Sakiti breka ya 20 A haitashtuka kamwe, na kasha litabaki na umeme siku nzima. Ndiyo maana kinga ya mvujo ya 30 mA ni ya lazima pale jengo linapotegemea nondo yake lenyewe, na raki yenye vifaa vingi ipewe laini yake kutoka ubao mkuu ili mivujo ya kawaida isiwe inaikata ovyo. Pwani kuna taabu ya ziada: Mombasa na Unguja nondo hugonga mwamba wa matumbawe kabla haijaisha kuzama. Zinatakiwa mbili au tatu, zikiachana angalau kwa urefu wa nondo moja, na kupimwa kwa mita ya ethi. Multimita ya kawaida haipimi ukinzani wa ardhi. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati: EWURA Tanzania au EPRA Kenya. Fundi wa mtandao asiibebe.

Kinachomhusu fundi wa mtandao ni kupima soketi, na hapo haihitaji zaidi ya dakika tano. Moto kwa nyutro isomeke karibu 230 V. Moto kwa ethi isomeke karibu sawa na hiyo. Nyutro kwa ethi iwe volti chache tu, kama mbili au chini yake. Moto kwa ethi ikisoma sifuri, au namba inayoyumba kama 60 au 110, ethi haipo hata kama tundu lake lipo. Apime pia mwisho wa soketi ya kurefusha, kwa sababu madukani zimejaa zenye plagi ya pini tatu na waya wa nyuzi mbili ndani. Na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie iachwe kabisa kwenye chumba cha mtandao.

Ethi ikishapatikana, mpangilio wa kufunga ni huu. Rangi inakwanguliwa pale skrubu ya ethi inapokaa, kwani rangi haipitishi umeme. Waya wa kijani wenye mstari wa njano, wa 2.5 mm², unabanwa kwa kishikio cha duara kutoka ruta hadi kipande cha shaba cha raki, na kutoka hapo 6 mm² hadi ethi kuu. Mlingoti wa antena juu ya paa unataka 16 mm². Baada ya hapo ndipo zije kebo za mtandao, na si wakati ngurumo zinasikika. Antena za PoE (umeme unaopita ndani ya kebo ya mtandao) ya 24 V isiyouliza kifaa kwanza kama kinauhitaji zitenganishwe na bandari nyingine na kuandikwa lebo, maana hiyo hutuma umeme hata kwa kifaa kisichoutaka. Plagi ya umeme inachomekwa mwisho. Siku ya kufungua, kinyume chake: umeme unatoka kwanza, waya wa kijani unatoka mwisho.

Kwa mpangaji ambaye mwenye jengo bado anajivuta, si lazima biashara ilale. Ruta ndogo ya laini ya simu, yenye adapta ya plastiki na isiyo na kebo hata moja inayotoka nje, inaweza kuendesha mauzo kuanzia asubuhi hiyohiyo. Ile kubwa isanidiwe kwa fundi, kwenye soketi iliyopimwa, ibadilishwe nenosiri la kiwandani na kusasishwa programu yake. Fundi umeme akimaliza kwenye ubao na kipimo kikasomeka vizuri, kuihamishia kwenye raki ni kazi ya dakika chache, baada ya saa za kazi, bila mteja hata mmoja kujua.