Ukerewe ilishaiona droni ya dawa. Sasa iko wapi?

Mwaka 2018 droni ilitoka Mwanza ikavuka Ziwa Victoria mpaka Ukerewe, kilomita 60, ikiwa na dawa. Kwa wastani ilitumia dakika 40. Mwenye gari huzunguka kilomita 240, barabara na kivuko, na saa sita zinakatika. Majaribio yale ya kampuni ya usafirishaji DHL, watengeneza droni Wingcopter na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, yalidumu miezi sita, yakaisha. Wakerewe wakabaki na meli zao.

Bado linaniuma. Dada yangu amewahi kuwa nesi kisiwani. Usiku mmoja mama aliyejifungua alitokwa damu mpaka kanga mbili zikaloa. Kwenye friji kulikuwa na chupa moja ya damu, tena si ya kundi lake. Ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna boti iliyothubutu kutoka. Mama alipona kwa sababu shemeji zake wawili waliamshwa usingizini, wakaja kuchangia damu wamevaa malapa.

Wengi tunaijua droni ya harusini, ile ya pangaboi nne. Inaelea vizuri juu ya maharusi, lakini betri yake haifiki mbali. Rwanda, tangu 2016, kampuni ya Zipline inatumia droni za mabawa: zinafyatuliwa kama kwa manati, zinadondosha damu kwa parachuti bila kutua, zikirudi zinanaswa kwa kamba. Zinafika mbali, ila droni isiyotua haiwezi kuchukua mzigo wa kurudi nao. Ile ya Ukerewe ilipaa wima, kisha ikageuza pangaboi zake na kuruka kama ndege. Ilipotua ingeweza kupakiwa makohozi ya mgonjwa wa TB yakapimwe Mwanza. Kwa visiwa, naitaka hiyo.

Wenzetu wa Rwanda hawakutuzidi mashine. Serikali yao iliingia mkataba na Zipline, ikalipia huduma. Damu inakaa kwenye maghala machache na hupelekwa inapoagizwa. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba damu inayoharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Sisi tulipokea wageni, tukapiga picha, tukawaaga.

Najua ugumu upo. Upepo wa ziwa si wa mchezo, na mzigo wenyewe ni kilo chache tu. Vibali navyo vinapita mamlaka ya anga na jeshi, na hapo silalamiki, maana hakuna anayetaka kamera isiyo na mwenyewe ikichungulia uani kwake. Lakini njia ya Mwanza hadi Ukerewe ilisharukwa, na waliotoa ruhusa ni sisi wenyewe.

Ninachotaka ni fungu kwenye bajeti ya afya la kulipia safari hizo, hata kama tutaanza na damu na dawa ya sumu ya nyoka pekee, kwa visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome.