Mwenzangu Alipewa Friji

Bosi wangu alipomaliza mkataba wake hapa Nairobi na kuanza kufunga virago arudi kwao Uingereza, aligawa vitu vya nyumba. Mpishi akapewa friji. Mzee wa bustani akapewa makochi, yale ya kuzama mpaka usahau ulichoshwa na nini. Soja wa getini akapewa televisheni iliyobidi ibebwe kwa pikapu. Mimi dereva, niliyemvusha mafuriko ya Mombasa Road usiku huku nimekunja suruali hadi magotini, nikaitwa pembeni. Moyoni nikasema leo ni leo, hilo gari ni langu. Bosi akanishika bega, machozi yanamlengalenga, akasema kuna kitu hawezi kumwachia mtu mwingine ila mimi.

Nikapewa mbwa.

Tena mbwa mwenye faili nene kuliko yangu ya kazi. Juu yake imeandikwa Miniature Bull Terrier, jina Arthur. Ndani ni vyeti tu. Cheti cha macho, kwa sababu ukoo wao una ugonjwa wa lenzi ya jicho kuchomoka mahali pake mbwa angali kijana. Cheti cha masikio, kwa sababu weupe kama yeye baadhi yao huzaliwa viziwi, sikio moja au yote mawili. Cha figo. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, muhuri kila mwaka bila kuruka. Mimi nina miaka arobaini na tatu na kadi yangu ya kliniki ilipotelea kijijini kabla sijajua kusoma.

Kilichonidanganya ni hilo neno mini. Nilijiambia mini si ni kitu kidogo, kama sketi? Nitamtia kwapani nipande matatu. Kumbe Waingereza walipoandika kanuni za mbwa huyu walisema urefu wake usizidi sentimita 35.5, na uzito wakauacha wazi, kila mtu ajionee. Atha (hivyo ndivyo anavyoitwa kwetu Buruburu, Arthur alibaki kwa bosi Lavington) ana kilo 14. Chukua pakiti saba za unga za kilo mbilimbili, zishindilie ziwe ngumu kama tofali, zitie meno, kisha zikimbilie goti lako zikikufurahia.

Nimesoma habari zake, kwa sababu adui ni lazima umjue. Bulteria walianzishwa karne ya 19 na bwana mmoja wa Birmingham, James Hinks, aliyechanganya bulldogi na teria mweupe na mbwa wengine akitafuta mbwa wa waungwana. Huyu mfupi Waingereza walimkubali rasmi mwaka 1939. Wamarekani wakangoja hadi 1991. Miaka hamsini na miwili watu wazima wanatafakari! Mimi nilipewa dakika tano, na teksi ya uwanja wa ndege inapiga honi.

Siku ya kwanza kumtembeza, mama mboga wa kona aliacha kukata sukuma, kisu hewani.

"Baba Shiru, huyo ni nguruwe?"

"Ni mbwa."

"Lakini anakaa nguruwe."

Kijana wa boda akasema anakaa panya. Wa pili akasema anakaa papa, na huyo hajawahi kuiona bahari. Mtoto mmoja akasema anakaa yai, na huyo ndiye aliyekaribia ukweli, maana wenye aina yao wanataka kichwa kiwe hivyo hivyo, mviringo wa yai kutoka utosini mpaka puani bila kipindo, na macho yawe pembetatu. Ndugu zetu wa Dar watusamehe: hapa Nairobi mtu akifanana na kitu tunasema anakaa kitu hicho. Shikeni hilo neno, maana ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Basi Atha alikuja anajua Kiingereza peke yake. Mama Shiru akasema nyumba hii hakuna atakayehangaika na Kiingereza kwa ajili ya mbwa, huyo ajifunze Kiswahili kama alivyojifunza kila mgeni aliyekuja Nairobi na adabu zake. Nikamtafuta kijana mmoja anayefundisha mbwa wa ulinzi. Akanipa masharti. Usimpige, usimpigie kelele, mbwa wa aina hii ukishindana naye kwa nguvu atakushinda kwa ukaidi. Mfundishe dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku. Akitii, mpe kitu kitamu papo hapo, kidogo kama punje ya harage. Na la muhimu kuliko yote: neno moja, maana moja, nyumba nzima mtumie hilo hilo.

Neno moja, maana moja. Katika mji huu!

Hicho kitu kitamu nikaenda kukitafuta buchari. Nikasema nipe robo ya maini, ya mbwa. Muuzaji akaniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba ya mbwa ni mapafu. Nikabeba mapafu. Atha akayanusa, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa bili ya meza nyingine. Kesho yake nikarudi kununua maini, nimevaa kofia. Nikiwa nayakatakata jikoni, na kwenye sufuria la pili kuna sukuma tupu, Mama Shiru akauliza polepole, "Na mimi nikikaa hapa, kuna mtu atanipa kipande?" Nikampa. Na maswali mengine yote ya siku hiyo niliyajibu nikiwa nje.

Lakini kaa alishika. Wiki moja tu, kaa, makalio chini, macho kwangu, ini. Nikavimba kifua. Nilichosahau ni kwamba Mzungu ana neno la kuketi, na lingine la kubaki pale pale, na lingine la kuishi mahali, na lingine la kufanana. Sisi hayo yote tumembebesha kaa. Tukipita kwa mama mboga, "Jamani anakaa nguruwe," Atha chini. Na akishaketi, matako yametandaa, tumbo limesogea mbele, hapo kusema kweli anakaa nguruwe. Jirani mpya ananiuliza unakaa wapi, Atha chini. Vijana wa mtaa wanaagana kwa kuambiana kaa rada, Atha chini, katikati ya barabara, gari la maji linapiga honi na yeye anangoja ini. Nimevuta kamba mpaka nikajua kilo 14 zikiamua kukaa huwa ni kilo arobaini.

Na njoo je? Hajui. Miezi mitatu. Toka, hajui. Acha, ndiyo kabisa. Nikaanza kuwa na matumaini kwamba ni kiziwi, pengine mashine ya Uingereza ilikosea. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja aliyesomea Kabete, mtu wa ng'ombe zaidi. Akasimama nyuma yake, hatua kumi, akafungua pakiti ya biskuti taratibu kama mwizi. Atha akageuka kabla ya karatasi kumaliza kulia. Daktari akaandika kitu kwenye kadi, akasema, "Baba, masikio ni mazima. Ni wewe tu bado hujawa mtu wa maana." Nikalipa ada ya kuambiwa hivyo.

Huyo huyo daktari ndiye aliyeninusuru kwa mama mkwe. Alikuwa ametutembelea, yuko uani anachambua mboga, mashuka yameanikwa kwenye kamba. Atha akaja zake. Alipofika chini ya shuka, pindo likamgusa mgongo, akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Akawa anatembea kama mtu anayebeba uji uliojaa mpaka juu, mguu mmoja, kimya, mguu wa pili, macho yameenda mbali. Akamaliza shuka moja kwa dakika nzima, akageuka, akarudi nalo. Mama mkwe akaweka mboga chini. "Baba Shiru," akasema, bila kunitazama, kama adabu inavyotaka, "huyu kuna anaowaona." Jioni ile kukawa na maombi ya nguvu, na chumvi ikamwagwa mlangoni, nayo Atha akailamba. Daktari aliniambia bulteria wanajulikana kwa jambo hilo, wakiguswa mgongoni na majani au pazia huingia katika hali hiyo, na haina madhara. Nikampigia mama mkwe kumweleza. Akasema, "Sawa, baba," kwa ile sauti. Tangu siku hiyo akija hulala kwa shemeji.

Saa mbili usiku, habari zikianza, ndipo hupandwa na ule wazimu wake mwingine. Hukunja mgongo, mkia chini, akaruka kutoka kochi mpaka jikoni mpaka kochi, meza inahama, chai inahama. Dakika tatu. Kisha analala chali kama aliyelipa kodi. Mimi habari za nchi hii nimezisikia nusu nusu tangu Februari.

Mbwa asipochoshwa ataichosha nyumba, ndivyo nilivyoambiwa, kwa hiyo Jumapili moja tukaenda msitu wa Karura. Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiupigania msitu ule, na sidhani Atha ndiye aliyekuwa akilini mwake, lakini mbwa wanaruhusiwa, mradi awe na kamba. Kufika ndiyo kazi. Matatu za Buruburu mnazijua, ni disko lenye magurudumu. Makanga akatutazama. "Huyo analipa." Nikalipa. Gari likajaa, na makanga, kama kawaida yake, akapiga bati akasema, "Kaa skwea, wazazi, kaa skwea!" Watu wakasogeana. Atha akakaa. Akamkazia makanga macho ya pembetatu. Akamkazia Jogoo Road yote. Tulipofika mjini yule kijana alinirudishia nusu ya nauli, mkono umenyooka, mwili umebaki nyuma, akasema, "Mzee, mwambie sina ubaya naye."

Jamii ya Mama Shiru ya maombi ikaja kwetu mwezi uliopita. Tusimame tuombe, tukasimama. Amina, kaeni. Kumi na wawili wetu bado tunatafuta viti kwa nyuma, Atha ameshakaa, mstari wa mbele. Akina mama wakafurahi, hata mbwa wa Baba Shiru ameokoka! Muda wote wa mahubiri hakumwondolea mhubiri jicho, mate yanadondoka. Mhubiri akaona ni njaa ya Neno, akaongeza nusu saa.

Na ulinzi, mnauliza? Mbwa wa Nairobi si ana kazi? Wiki ile umeme ulipopotea, usiku wa manane nilisikia geti, kisha mnong'ono wazi kabisa: "Wewe kaa hapo, mimi naingia." Nikajua nimekwisha. Nikachungulia dirishani. Vijana wawili, na mbele yao Atha, ameketi wima, mweupe kama chokaa, hatingishiki, habweki, anangoja malipo yake. Walirukia ukuta wa jirani. Mmoja aliacha ndala. Asubuhi kila mtu alisema nina mbwa mkali ajabu. Ndala alishaila.

Baada ya hapo nikaamua kubadilisha lugha ya nyumba. Mgeni haambiwi tena kaa, anaambiwa keti. Atha, aliyekataa njoo kwa miezi mitatu, alijifunza keti alasiri moja, bila ini hata moja. Basi tukaacha maneno kabisa, nikawa nawaonyesha watu viti kwa mkono.

Jumamosi akaja mjomba wangu kutoka Othaya, mzee wa miaka sabini na nne, ana fimbo, ana kofia, ana mfuko wa parachichi. Nikampokea mfuko, nikamsalimu vizuri. Kisha nikanyoosha mkono, kiganja juu, kuelekea kile kiti chetu kizuri. Yule kijana aliyenifundisha alikuwa ameniambia kwamba mbwa hushika ishara ya mkono upesi kuliko neno, nami nikawa nimelisahau.

Atha akapita kati ya miguu ya mjomba, akapanda kitini, akakaa.

Mjomba akamtazama. Akanitazama mimi, mkono ungali hewani. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Kumbe mwenye nyumba ndiye huyu," akasema. "Basi mpwa wangu, mwambie nimetoka mbali."