Kisasi Kinachosikika: The Public Enemy na Shutuma za Kumpamba Jambazi

Tangu The Public Enemy ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1931, filamu hiyo ya William Wellman imeshutumiwa kwamba inampamba jambazi. Shutuma hizo zina msingi. James Cagney anamwigiza Tom Powers, kijana wa Chicago anayetajirika kwa biashara ya bia baada ya pombe kupigwa marufuku mwaka 1920, na anamwigiza kwa wepesi na uchangamfu unaowafanya wenzake waonekane kama wanasinzia. Kaka yake Mike, anayefanya kazi kwenye tramu mchana na kusoma usiku, ndiye mwadilifu wa hadithi, lakini sidhani kama kuna kijana aliyetoka ukumbini akitamani kuwa Mike. Maandishi ya mwanzoni, yanayodai kwamba watunzi hawakukusudia kumtukuza mhalifu, ni kinga dhaifu mbele ya mvuto wa namna hiyo. Waliotaka kanuni za maadili ya filamu zisimamiwe kikamilifu, jambo lililofanyika kuanzia mwaka 1934, walikuwa na hoja.

Hata hivyo, wengi wanaoishia hapo wameitazama filamu hii bila kuisikiliza, nayo ilitengenezwa wakati sauti ilikuwa bado ngeni katika sinema. Tom analipiza kisasi mara tatu, na mara zote tatu Wellman anatuzuia kuona. Anapomfuata Putty Nose, mtu mzima aliyemfundisha yeye na rafiki yake Matt wizi tangu utotoni kisha akawatelekeza siku mambo yalipoharibika, mzee huyo anajaribu kuiokoa roho yake kwa kuketi kwenye piano na kuwaimbia wimbo waliokuwa wakiufurahia walipokuwa watoto. Kamera inamwacha, inatulia kwa Matt aliyesimama mlangoni. Risasi inalia, vidole vinaanguka ovyo juu ya piano, na wimbo unakatika katikati. Tunachobaki nacho ni uso wa Matt, rafiki ambaye sasa anamwogopa rafiki yake. Tom, kwa upande wake, anasema anakwenda kumpigia simu msichana. Kisasi cha pili kinampata farasi aliyemwua bosi wao kwa bahati mbaya, nacho pia tunakisikia tu kutoka zizini. Upuuzi wake unatosha kuonyesha jinsi sheria hii ya majambazi, ya kulinda heshima kwa kisasi, ilivyo tupu. Kisha Matt anauawa, na huyo tunamwona akianguka barabarani. Tom anapoingia peke yake katika maficho ya kundi hasimu la Burns kumlipizia, sisi tunaachwa nje kwenye mvua, tukisikia milio ya bunduki na ukelele mmoja, mpaka atoke akiyumba na kukiri kwamba yeye si mgumu kama alivyodhani. Mwongozaji aliyekusudia kumtukuza angeiweka kamera ndani.

Kuhusu familia, ninakubali kwamba mama amechorwa kwa upole uliopitiliza, kiasi kwamba upofu wake kwa mwanawe wakati mwingine unachosha. Lakini tazama chakula cha jioni Mike anaporudi kutoka vitani: pipa la bia limewekwa katikati ya meza hadi wanafamilia hawaonani vizuri. Mike anafoka kwamba pipa hilo limejaa damu za watu, na Tom anamjibu kwamba nishani zake hazikutokana na kushikana mikono na Wajerumani. Jibu hilo ni la kikatili, na linauma kwa sababu lina chembe ya ukweli. Filamu inayomtetea jambazi ingemfanya Mike mnafiki tu, na ile inayohubiri isingemruhusu Tom kujibu.

Tom anapopatana na familia akiwa hospitalini kwa majeraha aliyoyapata kwa kundi la Burns, maadui wanamteka nyara, na bosi wake mwingine, Paddy Ryan, anajitolea kuiacha biashara yote ili kijana arudishwe kwao. Anarudishwa. Mama yuko ghorofani akitandika kitanda na kuimba, santuri inapigwa sebuleni, na Mike anapofungua mlango, maiti ya mdogo wake iliyofungwa kamba inaanguka kifudifudi ndani ya nyumba. Mama bado hajajua, na santuri inaendelea kuzunguka hadi wimbo unakwisha na sindano inabaki ikikwaruza.