Mteja Anajua Anachotaka

Kuna kauli inayoniudhi sana kwa watunzi wenzangu wa muziki wa gemu: "Mteja mwenyewe hajui anachotaka." Anajua. Mtu aliyekesha miaka miwili akitengeneza gemu anaijua hadi ndotoni. Alichokosa ni maneno ya kimuziki, na kuyatafuta hayo ni kazi yangu.

Niliwahi kupewa gemu ya simu, ya binti anayemtafuta kaka yake baharini kwa mtumbwi. Maelekezo yalikuwa mafupi: "Muziki uwe mkubwa." Nikaufanya mkubwa kweli: ngoma, tarumbeta, kwaya, siku nne nzima. Mteja akausikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni mzuri, kaka," kisha kimya.

Nikamwomba acheze, mimi nikae pembeni nitazame. Mtumbwi ulipotoka ghubani, aliinua vidole gumba kwenye kioo akauacha uelee. Ukazidi kuwa mdogo, maji yakajaa kioo kizima, naye akashusha pumzi bila kujijua. Nikamuuliza, "Hapa kikubwa ni kipi?" Akagusa maji. Ukubwa aliokuwa akiusema ni wa bahari, na upweke wa binti yule katikati yake. Nilifuta karibu kila kitu. Nikabakiza udi mmoja, noti chache, na kimya kirefu baina yake.

Koji Kondo, aliyetunga muziki wa gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ameeleza kwamba wimbo wake wa mwanzo aliuacha kwa sababu haukwenda na jinsi Mario, mhusika mkuu, anavyokimbia na kuruka. Kipimo chake kilikuwa mwendo wa mchezaji.

Wapo wanaopata njia fupi. Christopher Tin, mtunzi wa "Baba Yetu", wimbo wa gemu ya Civilization IV (2005), alikuwa amekaa chumba kimoja na mbunifu mkuu wa gemu hiyo, Soren Johnson, walipokuwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford. Wimbo ule, kwa Kiswahili chetu hiki, ndio muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya muziki ya Grammy, mwaka 2011. Naamini watu waliowahi kuishi pamoja huelewana hata kwa nusu sentensi. Mimi na mteja wangu hatuna urafiki huo, kwa hiyo tunaanza kwa kucheza. Wenzangu wanasema saa hizo hazilipwi. Mimi naziweka kwenye bei.

Wimbo wa mfano, ule mteja anaoutuma kuonyesha anachotaka, nao naupokea kwa tahadhari. Mteja mwingine alinitumia taarabu ya dakika kumi na mbili, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza kinanda na mashairi. Kwanza nikamuuliza ni sekunde zipi hasa zilizomgusa. Akanirudisha mwanzoni kabisa, pale fidla zinapopanda taratibu na mwimbaji bado hajafungua mdomo.