Kitasa Kimoja, Mlango Mzima

Kwa muda wa wiki tatu nimekuwa nikiingia ndani ya gari langu mwenyewe kama mwizi asiye na uzoefu. Kitasa cha nje cha mlango wa dereva kilikatika asubuhi moja nikiwa nimevaa shati jeupe na nimeshachelewa kazini. Nilikivuta kama nilivyokivuta miaka yote tuliyoishi pamoja, kikalia kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, nami nikabaki nimesimama na kipande cha plastiki mkononi huku mlango umenuna kana kwamba hatujawahi kufahamiana. Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huu: nafungua mlango wa nyuma, napiga goti juu ya kiti, naupenyeza mkono kati ya nguzo na kiti cha dereva hadi shavu langu libanwe na mkanda, napapasa mpaka nikutane na kitasa cha ndani, navuta, kisha natoka nyuma kinyumenyume na kwenda kuingia mbele kwa hadhi iliyosalia. Wapita njia wawili wameshaniuliza kama nahitaji msaada, na wa tatu akauliza kama gari ni langu.

Kitasa kipya kilikuwa na bei iliyonifanya niulize kama kinauzwa pamoja na mlango. Muuzaji hakucheka. Basi nikaamua kutafuta cha mtumba, kilichong'olewa kwenye gari lililofumuliwa, na huko ndiko nilikoulizwa swali ambalo hadi leo naliona lilikuwa la mtego: "Cha kulia au cha kushoto?" Nikafumba macho, nikaliona gari langu limeegeshwa linanitazama, nikajibu bila kusita kwamba ni cha kushoto. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kulia na kushoto kwa gari huhesabiwa kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele, wala si kwa mtu aliyesimama nje akijikumbusha sura ya gari lake. Siwezi kusema kwamba niliuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu mbuzi nilimwona vizuri, nikamgeuzageuza, nikamsifu, kisha nikaenda naye nyumbani akiwa mbuzi wa upande mwingine.

Kumbe kipuri cha mtumba kikishavuka mlango wa duka hakirudi, hata ukikirudisha kimefungwa kwenye gazeti lile lile. Nikanunua cha pili, safari hii nikiwa nimebeba kile kilichovunjika ili vilinganishwe ana kwa ana, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya mara ya kwanza. Hapo nikajifunza kwamba kitasa cha mbele si cha nyuma, kwa kuwa cha mbele kina nafasi ya silinda ya ufunguo, na kwamba magari mawili ya jina moja yakipishana miaka michache huweza kutofautiana mahali pa tundu la bolti. Kuhusu rangi sikuwa na la kuchagua. Gari langu ni jeupe, na kitasa kilichopatikana ni cha rangi ya damu ya mzee.

Niliambiwa kazi yenyewe ni ya nusu saa. Aliyeniambia alikuwa fundi, na nusu saa ya fundi ni kama hatua ya twiga: usiipime kwa miguu yako. Ili ufikie kitasa cha nje, sharti uuvue mlango nguo zote za ndani. Kuna skrubu iliyojificha nyuma ya kitasa cha ndani na nyingine chini ya pahali pa kuegemeza mkono, halafu zinafuata klipu za plastiki, ambazo kila moja hufyatuka kwa kishindo kinachokufanya uamini kwamba umevunja kitu, na kwa klipu tatu kati ya zangu imani hiyo ilikuwa sahihi. Baada ya paneli unakutana na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Kazi ya karatasi hiyo ni kuyazuia maji ya mvua yanayoteremka na kioo yasiingie ndani ya gari, na kazi ya gundi hiyo, kwa jinsi nilivyoielewa, ni kuhamia kwenye viwiko, usukani, na paji la uso la mtu anayejikuna.

Bolti zilikuwa mbili, za spana namba 10, na moja ilikaa ndani ya tundu lililochimbwa kwa ajili ya mkono wa mtoto mchanga. Niliidondosha mara nne chini ya mlango na kuivua kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi, kama mtu anayevua samaki kisimani. Silinda ya ufunguo nikaihamisha kutoka kitasa cha zamani, maana hiyo ya mtumba ilikuwa inaota ufunguo wake uliopotelea kusikojulikana.

Fundi alikuwa amenionya jambo moja tu: kabla ya kuufunga mlango, lifunge komeo kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, kisha vuta kitasa uone kama linafunguka. Lakini nilipokiona kitasa kimekaa mahali pake, furaha ilinizidi, nikaubamiza mlango. Nikavuta. Kimya. Klipu inayoshika ile fimbo nyembamba ya chuma, iunganishayo kitasa na komeo, nilikuwa sijaibana. Nikarudi mlango wa nyuma, nikapiga goti, nikapenyeza mkono, shavu kwenye mkanda, safari hii nikikitafuta kitasa cha ndani ambacho nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye waya wake.

Sasa mlango unafunguka. Zimebaki skrubu mbili ambazo gari halionekani kuzikumbuka. Fundi alipopita kuangalia, akasema kitasa changu cha kwanza kilionewa bure: komeo lilikuwa limekauka grisi, likawa linataka nguvu kubwa mno, na plastiki iliyopigwa jua kwa miaka mingi haihimili mvutano wa namna hiyo. Akalipaka grisi, akanawa mikono, akaenda zake bila kuugusa mlango wa pili.

Jana mke wangu alivuta kitasa cha upande wake, nami nikausikia ule mlio wa kijiti kikavu, mdogo, wa mwanzo mwanzo. Sikushtuka. Nilikwenda kabatini, nikafungua gazeti, na yule mbuzi wa kushoto alikuwepo, mzima kabisa, wa rangi ya damu ya mzee.