Radi Imepiga, Rudini Kwenye Magari

Jamani, asilimia 40 ya mvua mtu anavaa nini? Septemba ikishaingia hapa Chicago, simu haichoki kukupa habari: asubuhi mawingu kiasi, mchana manyunyu ya hapa na pale, jioni ngurumo na radi, usiku baridi. Hayo yote ni ya Jumanne moja. Nikauliza kazini, nikaambiwa maana yake hapo uliposimama kuna nafasi 40 kwa 100 ya kupata walau robo milimita ya maji. Robo milimita! Kwetu Mwanza hiyo haiitwi mvua, hata kuku haachi kuparura.

Wataalamu nao wanaeleza kwa raha zao. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu ya baridi inashuka kutoka Kanada, zinakutana. Ya baridi inajipenyeza chini, ya joto inasukumwa juu, radi hizo. Sawa, nimeelewa. Ila nchi yenyewe ilivyo kubwa hivi, na mahindi ya Illinois yalivyojaa huko nje ya mji, lazima zikutane juu ya kituo changu cha basi?

Na mavazi ndiyo kesi kabisa. Mchana nyuzi 30, unatoka jasho. Upepo ukigeuka, jioni nyuzi 15 na meno yanagongana. Tena simu ya mama watoto inasema 86 na 59, kwa Fahrenheit, kwa hiyo toa 32, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. Ukimaliza hesabu basi limeshaondoka. Begi langu la kazini siku hizi lina sweta, koti la mvua, mwavuli na soksi za akiba. Chakula cha mchana nakishika mkononi. Mwavuli wenyewe naubeba kwa heshima tu, maana upepo wa jiji hili ukiukamata unabaki na mpini.

Lakini hayo yote nayasamehe. Lililonishinda ni mpira wa watoto Jumamosi.

Huku wana kanuni: ngurumo ikisikika, mchezo unasimama, na haurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ya mwisho, sikieni vizuri. Dakika ya tano tu ya kipindi cha kwanza, huko mbali kukasikika gruum. Refa akapuliza filimbi, watoto mbio kwenye magari. Tukakaa. Vioo vikaota ukungu. Mtoto akala ndizi zote za mapumziko. Dakika ya 26 ikapiga nyingine, saa ikaanza upya. Nikamwambia mzazi wa gari la jirani kwamba mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria, radi inapiga juu ya maji usiku kucha na alfajiri watu wako soko la samaki la Mwaloni wanagombea bei ya dagaa. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama bado nina ndugu huko.

Najua, radi inaua. Hata kwetu kanda ya ziwa imeshaua watu, wengine wakiwa uwanjani au chini ya mti. Kwa hiyo kanuni siipingi. Ninachopinga ni radi yenyewe kuwa na tabia ya kusubiri dakika ya 26. Mara ya tatu jua lilikuwa linawaka, ndege wanaimba, kocha yuko katikati ya uwanja anaangalia saa, watoto wamejipanga mstarini. Gruum. Kocha wa watu, mtu mzima na ndevu zake, akakaa chini kwenye majani.

Tukarudi nyumbani bila goli, bila kadi, bila kona. Mama watoto akauliza nani kashinda. Nikamwambia kashinda wa juu.

Sasa tukaja kwenye baridi ya ndani. Sheria ya jiji hapa inasema kuanzia Septemba 15 hadi Juni mosi, mwenye nyumba anayelipia joto ahakikishe chumba kina angalau nyuzi 20 mchana na 19 usiku. Sheria nzuri, Mungu awabariki waliotunga. Tatizo ni zile siku kabla ya tarehe 15, baridi inapowahi na sheria bado imelala. Nikampigia mwenye nyumba nimejifunga blanketi juu ya msuli. Akasema kwa upole, baba, kalenda.

Basi tarehe ikafika. Mabomba ya ukutani yakaanza kugonga usiku, kong, kong, kama kuna fundi kafungiwa humo, na mvuke ukapanda. Siku iliyofuata upepo ukageuka kutoka kusini, nje nyuzi 29. Ndani usiulize. Madirisha wazi yote, feni inazunguka, watoto wamevua mashati, na bomba la sebuleni halina hata koki ya kulizimia. Nikampigia tena mwenye nyumba nimwombe apunguze joto.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Samahani, huyu ni yule yule wa blanketi?"